Kichwa Nusu

Kabla ya kumsema mwanawe, msusi alikuwa anapunguza redio. Hakuizima. Aliipunguza tu, kwa kidole kimoja chenye mafuta ya nywele, na saluni nzima ikajua burudani imefika. Waliokaa chini ya mashine ya kukaushia walichomoza vichwa kama kobe. Aliyekuwa anaaga alikumbuka kwamba hana haraka.

Wateja walimpenda. Bei yake haikuwa ya chini na misuko yake ilibana mpaka nyusi zinapanda, lakini kwa mdomo hakuwa na mpinzani, na mtaji wa mdomo ule ulikuwa binti yake wa pekee. Binti akivunja sahani nyumbani, kesho yake sahani ilivunjika tena saluni, kwa vipande vingi zaidi. Akishika mkia darasani, mama alimuigiza anavyojikuna mbele ya hesabu, na wateja wakacheka mpaka wakashindwa kutuliza vichwa wasukwe.

Kubwa kuliko yote ilikuwa kukojoa kitandani. Binti alikojoa mpaka darasa la tatu, na mama akampa jina la Bwawa. Leo bwawa limefurika, alitangaza asubuhi, godoro limeamkia mlangoni. Jina lilitoka saluni, likavuka barabara, likafika shuleni kabla ya mwenyewe.

Msusi hakuona kosa. Kwake mzazi mkali ni yule mwenye fimbo, na fimbo hakuwahi kuishika. Wenzake wanachapa, alisema, yeye anachekesha tu. Mtoto akiona haya ataacha. Hoja ilikuwa safi, ila godoro halikuisikia. Kilichokauka si kitanda, ni mdomo wa mtoto. Alijifunza kulala sakafuni ili shuka libaki kavu. Jino lilipoanza kuoza alinyamaza nalo mpaka shavu likavimba, na alipokwenda kung'olewa, mama alipata hadithi ya shavu iliyomtosha msimu mzima.

Akakua hivyo, mpole na msiri, watu wakimsifu kwa adabu. Akapata kazi duka la dawa, mahali ambapo mtu huinama dirishani na kunong'ona shida yake, naye humjibu kwa mnong'ono uleule, akamfungia dawa kwenye mfuko usioonesha kitu. Mwenye duka alimsifu kwa kipaji hicho. Hakujua kimetoka wapi.

Na msusi, aliyekuwa akiupa mtaa habari za mwanawe, sasa alizipata kutoka kwa mtaa. Kwamba kuna mchumba, aliambiwa na mteja mwenye povu kichwani. Kwamba kuna mimba, aliambiwa na mwingine, tena tumbo likiwa limeshatokeza. Alicheka, akasema alijua zamani. Kisha akasuka mstari mmoja uliokwenda kombo mpaka shingoni.

Mjukuu alipofika umri wa kukimbia, binti alimleta saluni mara mojamoja. Kila alipovuka mlango ule alikuwa na hofu moja tu, mwanawe asije akatoka pale na jina.

Jumamosi moja alikaa kwenye kigoda, mabega katikati ya magoti ya mama yake, akisukwa. Upande wa kulia ulikuwa umekamilika. Mjukuu alikuwa amezama kwenye kopo la shanga, akachelewa kukumbuka choo, na maji yakatambaa chini ya benchi la wateja. Akayatazama, kisha akamtazama mama yake.

Redio ikapungua.

"Jamani, njooni mwone," msusi alisema. "Bwawa limezaa kisima."

Walicheka wote. Hata binti midomo yake ilianza kuvutika, kwa mazoea, maana ndiyo kinga aliyoipata utotoni: kucheka mapema kuliko wengine ili aonekane na yeye yumo. Ndipo alipomwona mtoto naye anajaribu kucheka, midomo inatetemeka, hajui aiweke vipi.

Akasimama. Chanuo likabaki linaning'inia kwenye nywele.

"Kaa, sijamaliza."

"Mimi nimemaliza, mama."

"Kwa utani huu tu? Mbona wewe nilikutania na umekua vizuri?"

"Nani alikuambia nimekua vizuri? Maana mimi sijakuambia kitu tangu darasa la tatu."

Safari hii hakucheka mtu. Binti alipiga deki mwenyewe, akambeba mtoto, akatoka na kichwa nusu, kulia mistari imelala, kushoto nywele zimesimama kama zimeona jini. Wenye maduka walitoka nje kutazama. Mtoto akauliza kama wanawacheka.

"Wananicheka mimi," alisema. "Lako wewe hawalijui."

Msusi alisubiri kwa utulivu. Hakuna mwanamke wa kuishi na kichwa nusu, aliwaambia wateja, atarudi kabla ya Jumatatu. Jumatatu mteja mmoja akamletea habari: binti amemaliziwa kwa mpinzani, yule anayesuka bila kufungua mdomo. Wateja walicheka. Kwa mara ya kwanza msusi alikaa upande wa pili wa kicheko, na hakupaona pazuri.

Akaenda kwa binti, akasimama mlangoni na mkoba wake kama mgeni. Binti alimpa sharti kabla ya kumkaribisha: la mtoto huyu lisitoke nje. Msusi aliapa, kwa uso wa mtu aliyekatazwa kupumua.

Baadaye sana mtoto aliruhusiwa kulala kwa bibi. Aliporudi alisimulia mwenyewe, huku anakula, kwamba kitanda cha bibi kililowa. Binti akaenda kazini akiwa ameshikilia roho. Kila aliyeinama dirishani alimtazama macho, akingoja jina jipya. Waliinama, wakanong'ona habari za vikohozi na vipele, wakaenda zao.

Mwaka uliofuata msusi akalazwa. Wodi ilijaa wanawake wasio na la kufanya, hadhira ambayo alikuwa hajawahi kuipata. Binti alipokwenda kumwona jioni, mama alimwonesha kwa kidole alete sikio karibu.

"Mjukuu wangu alilowesha kitanda siku ile," alisema. "Sijamwambia mtu. Hata huyu jirani yangu hapa, na tangu jana ananiomba hadithi."