Laini ya Simu ya Mugeta

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa fundi kijana wa kompyuta hapa Musoma, cheti bado kipya mfukoni, nilitumwa Mugeta kufunga ruta, kile kifaa cha kuunganisha mtandao, kwenye zahanati moja. Ilitakiwa ipigiane simu na ruta ya ofisini kwetu. Enzi hizo mtandao ulipita kwenye waya wa simu: ruta inapiga, inatuma maombi ya dawa, kisha inakata. Lakini kupiga upya kulichukua muda, nami nilitaka bosi aone ujumbe unafika papo hapo. Nikaondoa agizo la kukata. Ujana, mwanangu! Nikawaonya na wauguzi wasiguse nyaya zangu, nikarudi mjini nikijisifu.

Kesho yake mama mmoja aliyetoka kujifungua alianza kuvuja damu. Mkunga wa pale, Mama Wegesa, akainua simu aite gari la wagonjwa kutoka Bunda. Akasikia makelele ya mashine tu. Laini ilikuwa hiyo hiyo moja, na ruta yangu ilikuwa imeikalia. Mume wa yule mama akaendesha baiskeli mbio hadi barabarani, akasimamisha lori la pamba limchukue mkewe. Kwa neema ya Mungu walifika hospitali Bunda, mama na mtoto wakapona.

Niliporudishwa Mugeta nilitegemea matusi. Mama Wegesa akanipa kiti na uji kwanza. Halafu akasema, "Mashine umefunga vizuri, mwanangu. Ila hukuuliza simu hii tunaitumiaga kwa kazi gani."

"Sikujua, mama."

"Ndiyo maana watu wanauliza."

Machozi yalinitoka. Nikarudisha agizo: zikipita dakika mbili bila ujumbe, ruta ikate. Nikamwonyesha na waya wa kuchomoa pakiwa na dharura. Akainua simu mwenyewe, akapiga Bunda. Walipoitika, alicheka mpaka wagonjwa wakachungulia. Na dawa nazo zikaanza kufika kwa wakati.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Kabla hujagusa kitu cha watu, kaa nao kwanza, uone kinavyowafaa. Hata Butiama nilipokwenda kikazi baadaye nilianza hivyo. Na ukikosea, rudi mwenyewe ukarekebishe, usitume mtu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi; kosa ni kuwaachia wenzako vipande.

Mungu akupe mikono yenye ufundi na masikio yenye subira, na wote utakaowafanyia kazi watamani urudi.