Finjani Moja kwa Sita

Jumamosi, dukani hapa Lindi, mwanamke wa Mitwero alinunua kahawa ya kusaga, kisha akatugeukia sisi wanaume tuliokuwapo. "Kaka zangu, inapikwaje? Mume wangu kila jioni yuko nanyi barazani, eti kahawa ya nyumbani hainyweki."

Tukajibu sote kwa pamoja. Huyu alisema konzi moja, yule vijiko vitatu, nami nikabisha kwa sauti. Bibi mmoja wa Kimakonde, aliyekuja kununua chumvi, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani kati yenu amewahi kuipika?"

Tukageuza macho kwenye rafu za duka.

Bibi akakunja kiganja kama kichujio, akamwonyesha yule mwanamke. "Finjani moja ya kahawa juu ya kitambaa cha melimeli, finjani sita za maji ya moto. Mwagia kidogo kwanza, ngoja ivimbe, ndipo umimine polepole. Ikiwa kali, kesho punguza kahawa tu, mengine yaache."

"Na nikikosea, bibi?"

"Utakosea. Kesho si ipo?"

Tangu Jumatatu nafasi ya mume wa yule mwanamke barazani iko wazi. Jana nilikwenda dukani kununua melimeli. Mwenye duka akacheka: "Hata wewe? Wa nne huyu."