Machozi Ambayo Kamera Haikuyaona

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi hapa Brussels, mwanangu, kule mtaa wa Forest, nikiwa binti mwenye gauni jeupe la nesi la kuazima. Ilikuwa filamu yangu ya kwanza. Nilipewa sentensi moja tu: "Madame, mume wako ametutoka." Wa kumwambia alikuwa mwigizaji wa Kifaransa ambaye baba yangu alimtazama kwenye sinema ya parokia kwetu Bukavu, Kongo, enzi za picha nyeusi na nyeupe, kabla mimi sijazaliwa. Na bado alikuwa kazini! Alishaigiza kama msichana mtundu, malkia, mama mkwe mkorofi, na sasa bibi mjane. Nilimtazama nikasahau hata kupumua.

Walianza kumpiga picha yeye. Nilipotamka maneno yangu uso wake ulibadilika polepole. Kisha kamera ikageuzwa kwangu, na hapo nikaharibu. Kwanza nikaikodolea macho kamera, halafu sauti ikanikwama kooni. Mwongozaji akasema nikikosea tena anaiondoa sentensi yangu. Akamgeukia bibi: "Madame, nenda ukapumzike. Msaidizi atasimama badala yako."

Ndivyo kazi ile ilivyo, mwanangu. Kamera ikiwa kwa mwenzako wewe huonekani, na wakubwa wengi huenda zao kunywa kahawa.

Bibi akakataa. Miguu ilikuwa imemvimba, akavua viatu, akasimama na soksi pembeni ya kamera. Akanikaripia kidogo: "Achana na hiyo mashine. Mimi ndiye niliyefiwa. Niambie mimi."

Nikamwambia. Akalia, mwanangu, akalia kweli, kidevu kikimtetemeka, na hakuna kamera iliyokuwa ikimtazama! Nikaona kabisa kwamba nimempa mtu habari ya msiba, na sauti yangu ikatoka yenyewe. Mwongozaji akasema imetosha, picha imepatikana. Maman Furaha, fundi wetu wa nguo, mtu wa kwetu Bukavu, akanivuta mkono.

"Mutoto, umeona ile maman? Kamera haiko kwake. Alors, basi, analia juu ya nani? Ni juu yako!" Kwa Kiswahili cha kwetu, yaani kwa ajili yangu.

Sentensi yangu ilibaki kwenye filamu. Machozi yale hayamo, na hakuna atakayeyaona kamwe. Kwangu mimi ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizofanya katika maisha yake marefu, na mpaka leo nikiyakumbuka mwili unanisisimka.

Basi nawe unayeanza kazi, iwe kuhudumia wagonjwa kwenye hospitali ya Jette au kusafisha ofisi za mtaa wa Schuman, zamu ya mwenzako kung'aa ikifika, usiondoke kwa sababu wewe huonekani. Baki naye, umpe yote uliyo nayo, hata kama hakuna atakayejua. Mungu akujalie umri mrefu na kazi usiyoichoka, mwanangu, na siku sauti itakapokukwama, akuletee mtu wa kusimama mbele yako.