Mti wa Avoka Mbele ya Saloni Yangu

Tangu utotoni napenda kusuka nywele. Nikimaliza kichwa cha mtu, naona kama nimejenga nyumba. Basi nikachoka kusukia watu kwenye baraza la mama. Nilitaka saloni yangu ya matofali, mlango wake ukitazama barabara ya kwenda Kabambare. Pahali palikuwapo, upande wa mbele wa parsele yetu, kiwanja cha familia hapa Kasongo, ila palikuwa na mti wa avoka, yaani parachichi, mnene, wenye kivuli cha kutosha harusi.

Mimi nilidhani mti wa kwetu ni kama kuku wa kwetu. Nikaita mkataji. Hajainua hata shoka, shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, akafika na bwana wa ofisi ya mazingira. Wakasalimia vizuri, wakapewa viti, halafu wakatueleza kwamba mti mkubwa, hata ukiwa ndani ya parsele yako, haukatwi bila ruhusa. Lazima wauangalie, majirani waulizwe, na ukiukata, ni lazima upande mti mwingine. Jirani yetu hakungoja kuulizwa. Alisema nikiukata nitamletea avoka za kula na mkate kila asubuhi mpaka azeeke, na alikuwa ameshazeeka.

Shefu alibaki na swali lake, lisilo la serikali.

“Chini ya hii muti iko kitovu ya nani?”

Kwetu kitovu cha mtoto kinafukiwa chini ya mche, na mti ule unakuwa wake. Hata mwenye parsele haukati kama mtu huyo hajakubali. Mama akajibu kwamba ni wa yaya, kaka yangu anayechimba dhahabu Salamabila. Wangu ulikuwa mchungwa, ulikauka nikiwa mdogo. Bwana wa mazingira akasema yaya akikubali, naye hatakataa.

Nikampigia simu, sauti wazi ili wote wasikie. Nilimweleza saloni yote, mpaka rangi ya mlango, nikamwahidi kumnyoa bure. Aliniacha nimalize, akacheka.

“We mutoto, unaomba nani? Ile muti iko yako.”

Akasimulia. Mchungwa wangu ulipokauka nilishikwa na homa, nikalia kwamba na mimi nitakauka. Yeye akamwendea nkambo, mama wa mama yetu, akamwomba ule mti wake wa avoka uwe wangu. Mama alikuwa shambani. Nkambo akachota udongo wa chini ya mchungwa, penye kitovu changu, akaufukia chini ya avoka. Kesho yake nikaomba bugali.

“Na wewe yaya, ulibakia na muti gani?”

“Mimi nilibakia bila. Ndiyo maana natembea-tembea hivi. Kata kama unataka, ruhusa iko kwako.”

Wote wakanitazama. Niliweka mkono kwenye gome, nikamwambia shefu siukati tena. Nikaomba tawi moja tu, lile linaloelekea barabarani. Bwana wa mazingira akauzunguka mti, akakubali.

Saloni yangu ni ya miti na mabati, imejibana kando ya shina. Avoka ikianguka juu ya bati wateja wanashtuka, mimi nacheka.

Kisha nikapanda mche wa yaya upande wa jikoni. Kwa kuwa kitovu chake kiko chini ya mti ambao sasa ni wangu, nilimwambia atume udongo wa pale anapolala. Aliutuma na mtu wa pikipiki, ndani ya mfuko. Mama aliupepeta kwanza, aone kama hakuna dhahabu.