Manjano Ndani ya Sufuria

Mgongo ulikuwa ukimuuma Mama Yustina tangu alipowasha jiko. Baada ya mavuno Yustina angeolewa, na hapa wilayani Sikka mama wa bibi harusi hupeleka ukweni nguo ya nyuzi alizozitia rangi kwa mkono wake. Mumewe alikuwa marehemu. Heshima ya jina lake sasa ilichemka katika sufuria ya nyuzi na unga wa manjano.

Wifi yake, Odilia, alikuja akitafuna tambuu, akainama kuchungulia. Kikopo chake cha chokaa ya tambuu kikamponyoka, kikatumbukia. Papo hapo nyuzi zikawa nyekundu kama kidonda.

“Ala! Sufuria nayo inakula tambuu!” Odilia alicheka, kisha akanywea. “Nisamehe, wifi. Tununue nyuzi za dukani. Nani atajua?”

“Mama mkwe wa Yustina atainusa. Nguo ya nyuzi za dukani hainuki jiko.”

“Basi waambie ni mimi niliyeharibu.”

“Nimtangaze ukweni dada wa mume wangu? Thubutu! Kamua ndimu.”

Mama Yustina alikuwa mwalimu. Alijua uchachu huishinda chokaa. Walizisuuza nyuzi, wakaziloweka katika maji ya ndimu. Wekundu ukatoka, manjano yakarudi, lakini yenye mabaka.

“Kwa mbali hayaonekani,” Odilia alijaribu.

“Mama mkwe hatakaa mbali.” Mama Yustina alijishusha mkekani polepole, kama mgonjwa. “Tunarudia. Safari hii manjano utayatwanga wewe, mimi nitakukosoa nikiwa nimelala.”

Alifumba macho, akasinzia hata kabla mchi haujagonga kinu.