Bibi Mifugo na Mita Hamsini Zake

Nilikuwa nimeinama kwenye matuta yangu ya bamia, Kwamndolwa, jirani yangu aliponiita kutoka barabarani. Hakunisalimu. Alisema tu, "Bibi Mifugo hatunaye tena." Niliweka jembe chini. Nyinyi mnaosoma safu hii mkiwa Korogwe au Handeni hamhitaji kuambiwa ni bibi mifugo yupi, maana maofisa mifugo tumekuwa nao wengi, lakini aliyeitwa hivyo bila kuongezewa jina la kijiji alikuwa mmoja. Amefariki nyumbani kwake, watoto wake wakiwa kando ya kitanda, baada ya ugonjwa uliompa muda wa kuaga. Tulimzika kwenye jua kali, Waislamu na Wakristo wakipokezana jeneza, na wafugaji waliotoka mbali wakisimama pembeni na fimbo zao. Nilidhani ningerudi kutoka makaburini nikiwa nimenyong'onyea. Nilirudi nimenyoosha mgongo, kama mtu aliyetoka kumsindikiza mshindi, na leo nataka niwaeleze kwa nini.

Babu yake alikuwa manamba, aliyekuja Korogwe kwa mkataba wa kukata mkonge. Mkataba ukaisha, yeye akabaki. Mjukuu alisoma, akaenda chuo cha mifugo, akapangiwa kazi upande wa Handeni, na miaka mingi ya utumishi wake ilipita Kwedizinga na vijiji vinavyoizunguka. Alichanja kuku, alizalisha ng'ombe waliokwama, aligombana na watu waliochinja bila kukaguliwa. Idara ilikuwa pia imemkabidhi bunduki, ile ndogo yenye risasi nyembamba kuliko penseli, pamoja na darubini ya kulengea iliyofungwa juu yake. Ilikuwa kwa kazi moja isiyopendwa na mtu, yaani kummaliza mbwa mwenye kichaa pale ambapo kamba na wavu havitoshi. Mimi nilifahamiana naye kwa sababu ya bunduki hiyo. Nilikuwa nikitafuta habari ya kuandika kuhusu kichaa cha mbwa, naye akaniambia, "Usiniulize maswali ofisini. Njoo siku ninapoiweka sawa bunduki, ndipo utajua kazi yenyewe."

Nikaenda. Ilikuwa kwenye shamba la mkonge lililotelekezwa, kwa ruhusa ya polisi, na askari mmoja akiwa amesimama nasi. Kadibodi la sabuni lilikuwa limeegemezwa kwenye kichuguu kikubwa ili risasi isipate pa kutokea. Tulimkuta mzee mmoja mwindaji wa kanga, mwenye leseni na bunduki ndogo kama ile ile, ambaye sifa zake zilivuka mto na kufika hadi Mpale. Yeye alikuwa amekwisha kuoanisha darubini yake na risasi kwa umbali wa mita mia. Bibi Mifugo alimpa shikamoo, akalaza kiroba cha mchanga chini, akalala kifudifudi nyuma yake, na akaomba kadibodi lisogezwe hadi mita hamsini.

"Mwanangu," mzee akasema, "bunduki isiyofika mia ni fimbo tu."

"Mzee wangu, huko mia naenda kumfuata nani?"

Mzee akacheka. Sisi tuliokuwepo tukacheka pamoja naye, maana jibu lilikuwa la kichokozi. Lakini mama yule hakuwa akitania. Alifyatua, akaenda kutazama tundu, akarudi, akazungusha kifundo cha juu ya darubini, akafyatua tena, hadi matundu yakakusanyika pale alipolenga. Kisha akatueleza, akichora kwa kijiti mchangani. Risasi haiendi kama uzi uliovutwa. Hutoka kwenye mtutu ikiwa chini ya jicho, hupanda, hukutana na mstari wa jicho, huupita kidogo, halafu huanza kushuka. Risasi ndogo kama hii haina nguvu nyingi, kwa hiyo hushuka mapema. Ukiioanisha kwa mita hamsini, basi kuanzia karibu na ulipo hadi hapo hamsini haikosei zaidi ya unene wa kidole. Ukiioanisha kwa mia, italazimika kupanda sana njiani ili ifike, na yule aliyesimama hamsini itampita juu kwa upana wa vidole vinne.

"Na atakayesimama mia?" mzee akauliza.

"Huyo nitamwinulia karibu shibiri. Nimejifunza kwa kadibodi, naijua. Ila mzee, mbwa wangu wote nimewakuta karibu. Uani, zizini, sokoni. Hakuna aliyenisubiri mia."

Mzee alitikisa kichwa kwa upole, namna watu wazima wanavyofanya wakiona kijana amekosea lakini hawataki kumvunja moyo. Tukaachana kwa amani, kila mtu na umbali wake.

Kiangazi cha mwaka huo huo, wafugaji walikuwa wameleta ndama kwenye josho. Mimi nilikuwepo kwa habari nyingine kabisa, habari ya kupe. Mbwa wa rangi ya kahawia akatokea vichakani, taya limelegea, udenda unamtiririka, anatembea kama mlevi halafu ghafla anakimbia. Alimng'ata punda aliyefungwa kwenye mti, na watu wakatawanyika. Waliokuwa karibu na uzio wa mbao wa josho wakapanda juu yake, wengine wakaparamia trekta. Mama mmoja wa kifugaji, mwenye mtoto mgongoni, alibaki ndani ya zizi na ndama wake. Mlango wa zizi ulikuwa mmoja, na mbwa alikuwa amesimama mbele yake.

"Yeyo, panda uzio!" watu wakapiga kelele, wakimwita "mama" kwa Kimaa. "Panda!"

Mama hakuweza kupanda na mtoto mgongoni, na uzio wa zizi ulikuwa wa miiba. Alishika fimbo kwa mikono miwili, akajiweka mbele ya ndama, akamkodolea macho yule mbwa. Nawaambieni, sijawahi kuona ushujaa mkubwa kuliko huo, na nimekwisha kuona magwaride mengi.

Mzee mwindaji alikuwa hapo, bunduki begani, maana alikuwa njiani kwenda porini. Akapiga goti kando ya birika la maji. Kutoka pale hadi mlangoni palikuwa kama mita hamsini hivi, na nyuma ya mbwa palikuwa na tuta la udongo lililochimbuliwa wakati josho linajengwa. Akalenga kichwa, kama alivyozoea. Risasi ikapiga tuta, na vumbi likaruka juu kidogo ya masikio ya mbwa. Mbwa akashtuka, akageuka, akatoa sauti ya kukwaruza, akajisogeza kuelekea ndani ya zizi.

Bibi Mifugo alikuwa ametoka garini na bunduki ya idara. Hakukimbia. Alilala chini pale pale, viwiko vikiwa vumbini, gauni la kazini likiwa limepanda hadi magotini, na nikamsikia akisema kwa sauti ya kawaida, "Yeyo, rudi nyuma. Kulia kwako. Hapo hapo." Mama akasogea. Kati ya darubini na mbwa pakawa peupe, na tuta likiwa nyuma. Hakulenga kichwa, kwa sababu kichwa cha mbwa wa namna ile kinahitajika maabara ili ubongo upimwe. Alilenga nyuma ya bega. Mlio ulikuwa mdogo, kama ubao uliovunjwa, na mbwa akakaa chini, kisha akalala.

Kilichofuata siwezi kukieleza vizuri kwa maandishi. Vigelegele vilianza kwenye uzio, vikapokewa na waliokuwa juu ya trekta, na wanaume wazima wakawa wanarukaruka kama wanavyoruka vijana wa Kimasai kwenye ngoma. Yule mama akatoka zizini, akamfikia Bibi Mifugo aliyekuwa bado anaondoa risasi zilizobaki, akamwekea mkono kichwani, akambariki kwa Kimaa. Hakuna hata mtu mmoja aliyeng'atwa siku ile. Mzee mwindaji alisubiri kelele zipungue, akaja, akasema mbele ya watu wote bila kujificha, "Binti, nami niwekee hiyo hamsini." Wakaenda pamoja asubuhi iliyofuata, wakalala kifudifudi sambamba, na tangu hapo mzee akawa akiwaambia vijana kwamba bunduki yake ilikuwa nzuri siku zote, ila ilikuwa ikimtazama kanga wa mbali ambaye hajazaliwa.

Nimefikiri sana juu ya maneno hayo. Nimekaa kwenye vikao vya maendeleo ambavyo watu walijadili machinjio ya kisasa ya kuuza nyama ng'ambo, huku josho la kijiji chao halina maji. Nimewaona vijana wetu wakiacha shamba la machungwa lililokwisha kuzaa, wakafuata biashara waliyoisikia kwenye simu. Wazee walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, nasi tunaikariri methali hiyo kisha mbachao tunauacha. Tunapenda kutaja umbali mkubwa kwa sababu unatutukuza mbele za watu. Bibi Mifugo hakudharau mbali. Alijua ainue kiasi gani akihitajika kufika huko. Lakini jicho lake aliliweka pale ambapo kazi yake ilimkuta, na hilo lilimtaka kwanza akiri kwamba kazi yake ilikuwa ya karibu, ya uani na zizini. Kukiri hivyo ni vigumu kuliko kufyatua.

Na ushindi wake mkubwa haukuwa ule wa joshoni. Baada ya siku ile watu walimwamini, naye akaitumia imani hiyo kuomba kitu kimoja tu: leteni mbwa wachanjwe. Mwaka wa kwanza walikuja wachache. Miaka iliyofuata nilishuhudia mbwa wakiletwa kwa kamba za katani, kwenye matenga, wengine wamepakatwa kwenye bodaboda wakiwa wametoa ulimi kama abiria wa heshima. Akina mama wa kifugaji waliwapanga mstarini, na ole wake aliyerudi nyumbani na mbwa asiyechanjwa. Alipostaafu, bunduki ile ndogo ilikuwa imekaa misimu mingi bila kupiga kitu zaidi ya kadibodi. Aliisafisha, akaipaka mafuta, akaikabidhi kwa kijana aliyempokea, nami nikiwa nimealikwa kushuhudia. Kijana akamwuliza, "Mama, nikuombee darubini ya kisasa inayofika mbali?"

"Chanja mbwa kwanza," akamjibu. "Kisha njoo uniambie umebakiwa na nani wa kumfuata huko mbali."

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla hujapanga lengo lako, kaa chini ujiulize kwa uaminifu kazi yako inakukuta wapi, ulipange kwa umbali huo, na uuzoeze mkono wako hadi usikosee. Mwanamke mmoja alifanya hivyo, na leo watoto wa Kwedizinga wanakwenda shule asubuhi wakipita katikati ya mbwa, wakiwashika masikio, bila kujua kwamba zamani njia hiyo iliogopwa.