Baba Alikatwa Mkono kwa Kudai Kidari cha Mbuzi

Admin, nifiche jina, na kijiji usikitaje. Andika Mwika tu, maana ukoo wetu wote umo humu ndani.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka hamsini na moja, nauza nguo hapa Moshi mjini. Nimelelewa kwenye pembe ya kihamba cha ukoo, shamba la migomba na kahawa ambalo kwetu halitoki nje ya damu. Baba yangu walimwita "mtu wa kuja". Walisema mama yake alitoroka ndoa, akamzaa huko Rombo na mwanaume asiyejulikana. Mbuzi wa ukoo akichinjwa, kidari kilikwenda kwa baba mkubwa, kwamba nyumba yake ndiyo ya kifungua mimba. Baba alipewa shingo, na kejeli juu yake.

Miaka ya tisini bei ya kahawa ilipoanguka na ardhi ikawa ya kugombaniwa, baba mkubwa alianza kutuambia tuhame. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nina hasira za kutosha, nikaamua kuuchimba ukoo wetu mwenyewe. Nilienda Mkuu, huko huko Rombo, kwa bibi mmoja, shangazi wa baba, ndiye pekee aliyebaki wa kizazi kile. Nilimpa shikamoo, akanishika uso, akalia.

"Babu yako ndiye alikuwa kifungua mimba," aliniambia. "Mdogo wake alimvizia mgombani akamkata shingo, akachukua kihamba. Mke wa babu yako alikuwa na mimba ya baba yako. Mimi ndiye niliyemficha hapa."

Huyo mdogo mtu ndiye aliyemzaa baba mkubwa. Nilirudi nikamweleza baba yote.

Desemba watu walirudi nyumbani, mbuzi akachinjwa. Baba mkubwa akamrushia baba shingo. Baba hakuiokota.

"Kidari ni changu," alisema mbele ya wote. "Baba yako alimuua baba yangu, na shangazi yu hai, mkamuulize."

"Kaa chini mbe, kula ulichopewa!" baba mkubwa alifoka.

Baba akanyoosha mkono kuchukua kidari. Panga ambalo baba mkubwa alikuwa akipasulia nyama likamshukia kwenye kiwiko, mara mbili. Damu yake ikachanganyika na ya mbuzi juu ya majani ya mgomba. Nilimrukia baba mkubwa nikamng'ata shavu mpaka nyama ikabaki mdomoni mwangu. Wanawe wakanipiga mateke hadi nikazimia. Hospitali walimalizia kuukata ule mkono. Wazee wakasema mambo ya damu hayapelekwi polisi. Wazee gani hao!

Baba alikufa miaka michache baadaye, akiwa ameniapisha nisiisamehe nyumba ile.

Sasa wiki iliyopita baba mkubwa, anayeoza kitandani kwa ugonjwa, amemtuma mwanawe aniletee isale, jani la kuombea msamaha, limefungwa fundo. Kwetu Uchaggani isale halikataliwi, hata kama mtu kakuulia mtoto. Sikulishika. Nilimfungia mlango, akasema atarudi Jumapili. Tangu hapo shangazi zangu wananipigia simu kwamba nikilikataa, laana itawaangukia wanangu. Nikilipokea, nimevunja kiapo cha baba.

Msiniambie nimwachie Mungu, hayo nimeyasikia mpaka yamenichosha. Ukweli ni kwamba natamani mzee yule afe hivyo hivyo, hajasamehewa. Lakini wanangu wana kosa gani? Jumapili ni keshokutwa. Ndugu zangu, nishaurini, nilipokee au nimfungie tena mlango?